Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hospitali: yale maboksi kando ya tanuri si taka

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo.

YAH: MAOMBI YA TAKWIMU ZA PATHOLOJIA NA SAMPULI ZA TISHU KWA AJILI YA UTAFITI (MARA YA KUMI NA MBILI)

Natumaini barua hii itakukuta salama. Zile kumi na moja zilizotangulia sijui zilikukuta katika hali gani, maana hakuna hata moja iliyorudi na jibu zaidi ya muhuri wa IMEPOKELEWA. Mihuri ya ofisi yako ni mizuri, sina neno. Ninayo kumi na mmoja, wino wa bluu, mmoja umegongwa kichwa chini miguu juu.

Sikupenda kukuandikia hadharani. Mkubwa huambiwa faragha, ndivyo nilivyofunzwa, na kwa miaka mitatu nimeishika faragha hiyo mpaka nikawajua kwa majina makarani wote wa masjala yako. Lakini Jumanne ya wiki hii, saa moja asubuhi, nilipita nyuma ya jengo la maabara nikakuta maboksi kumi na manne yamepangwa kando ya tanuri la kuchomea taka. Boksi la juu lilikuwa limepasuka ubavuni, na bloku za nta zimemwagika chini kama karata. Niliokota moja. Kaseti ya plastiki ya njano, namba imeandikwa kwa penseli pembeni, na katikati ya nta kipande cha kahawia kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja nta ilikuwa imelegea kwa jua ikagandamana na bloku ya jirani, nami nilipojaribu kuzitenganisha, kona ya moja ikamegeka mkononi mwangu.

Nilimuuliza mhudumu aliyekuwa pale. Alinijibu kwa upole, na sioni kosa lake: "Hizi za zamani, dokta. Stoo inahitajika. Viti vya ukumbi vimekosa pa kukaa."

Viti vimekosa pa kukaa! Siku ya pili hii naigeuza sentensi hiyo kichwani na bado sijaamua kama nicheke au nilie.

Unajua ni nini kilichoziokoa bloku zile, Mheshimiwa? Si barua zangu. Tanuri ni bovu. Tangu mwezi uliopita haliwaki. Wengine tumekuwa tukilalamikia ubovu huo kwenye kila kikao, na leo natamka hadharani kwamba nawashukuru wote waliochelewesha matengenezo.

Kwa wanaosoma barua hii na si watu wa maabara, niruhusu nieleze kidogo, ingawa wewe haya unayajua kuliko mimi. Mgonjwa akikutwa na uvimbe huambiwa akafanye kipimo cha nyama. Kinyama kinachotolewa hutumbukizwa kwenye fomalini kisioze, hukaushwa maji kwa alkoholi, kisha huzamishwa kwenye nta ya moto. Nta ikipoa, hiyo ndiyo bloku. Fundi huikata kwa mashine vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), huvilaza juu ya maji ya uvuguvugu vinyooke, huvinasa kwenye slaidi na kuvipaka rangi ya zambarau na ya waridi. Mwanapatholojia huinamia darubini, huandika majibu. Majibu huenda kwa daktari, daktari huenda kwa mgonjwa. Bloku hubaki stoo, na sehemu kubwa ya kile kinyama bado imo ndani yake.

Mimi naomba vipande vitano tu kutoka kila bloku ya saratani ya titi ya wanawake waliougua kabla ya kufika miaka 40. Kila kipande mikroni 4. Vitano ni mikroni 20. Unywele wa kichwa chako, Mheshimiwa, kwa kawaida una mikroni 50 hadi 100. Kuna kinachopotea fundi anaposawazisha uso wa bloku, sikatai, na fundi mwenye mkono mwepesi hupoteza kidogo sana. Kwa hiyo kitu nilichokifuata kwenye ofisi yako kwa miaka mitatu ni chembamba kuliko unywele mmoja.

Ombi la pili halina hata wembe ndani yake. Naomba majibu ya patholojia yanayoambatana na bloku hizo: umri, aina ya saratani, daraja lake, ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani zilikutwa na nini, na kama inapatikana, mgonjwa alipata tiba gani na ilimfikisha wapi. Bila karatasi hizo bloku ni nyama isiyo na habari. Bila bloku, karatasi hizo ni habari isiyoweza kuhakikiwa. Nahitaji pia kujua kitu ambacho wengi hukiona kidogo, yaani saa kinyama kilipotolewa na saa kilipoingia kwenye fomalini. Kwa vipimo vya vipokezi vya saratani ya titi, yaani protini za seli zinazopokea ishara za kukua, kama za homoni, kinyama hutakiwa kukaa kwenye fomalini kati ya saa 6 na saa 72. Kikikaa pungufu au kikipitiliza, kipimo kinaweza kusema kipokezi hakipo kumbe kipo, na mwanamke akanyimwa tamoksifeni, dawa inayozuia estrogeni, ambayo ingemsaidia. Fomu zetu zina nafasi ya kuandika saa hizo. Imejazwa mara ngapi, hilo ndilo ninalotaka kuhesabu.

Na vipokezi vyenyewe ndio mzizi wa utafiti. Kuna saratani za titi ambazo hazina kipokezi cha estrogeni, hazina cha projesteroni, wala hazina HER2 (protini inayohimiza seli kukua) ya ziada. Dawa zinazolenga vitu hivyo vitatu hazina pa kushika. Saratani za namna hiyo huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na hukua kwa kasi. Nataka kujua hapa kwetu ni ngapi, maana dawa zinaagizwa kwa kukisia. Basi. Sitengenezi binadamu wa maabara.

Najua swali linalofuata, maana afisa wako mmoja aliniuliza akiwa amesimama mlangoni, bila hata kunikaribisha kiti: "Hizo za zamani za nini, si wenyewe walishakufa?"

Mwaka 1997 mwanasayansi wa Marekani Jeffery Taubenberger na wenzake walichapisha vipande vya jeni za kirusi cha homa kuu ya mafua ya 1918. Walivitoa kwenye bloku ya pafu la askari wa Marekani aliyekufa Septemba 1918, kinyama kilichokaa ghalani karibu miaka 80. Aliyekihifadhi hakuwa na namna ya kujua kitakuja kufaa nini, kwani kirusi cha mafua ya binadamu kilikuja kutengwa maabara mwaka 1933. Alikihifadhi tu, kwa sababu ilikuwa kazi yake. Au uchukue wa karibu zaidi: mwaka 2008 kundi la mtafiti Michael Worobey lilichapisha habari za VVU waliyoikuta kwenye bloku ya tezi ya mwanamke, iliyotengenezwa Kinshasa mwaka 1960, enzi hizo mji ukiitwa Léopoldville. Bloku ile ilisaidia kuonyesha kwamba virusi hivyo vilianza kusambaa kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, miongo kadhaa kabla dunia haijalisikia neno UKIMWI. Katika misukosuko yote iliyoupitia mji ule, kuna mtu Kinshasa ambaye hakuhitaji stoo kwa ajili ya viti.

Nirudi kwako. Unaikumbuka siku ya maonyesho ya utafiti, mwaka wangu wa kwanza? Ulisimama kwenye mimbari, ukavua miwani, ukasema: "Hospitali hii imekalia hazina ya takwimu. Milango yangu iko wazi kwa watafiti vijana." Tulipiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya tatu na nilipiga mpaka viganja vikaniwasha. Kesho yake nikaja na barua ya kwanza. Mlango ulikuwa wazi kweli, wa sekretari. Ule wa stoo ya patholojia una kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Aliporudi, ufunguo ulikuwa umehamishiwa kwa mhasibu wa vifaa. Mhasibu akataka dokezo kutoka kwako. Dokezo likasubiri mwanasheria. Mwanasheria akauliza Kamati ya Maadili imesemaje. Kamati ilikuwa imeshasema ndiyo, kwa maandishi, kurasa nne, na nakala mnayo. Tena mnazo tatu, maana mbili zilipotea nikaleta nyingine.

Kibali cha Kamati hudumu mwaka mmoja. Changu kimekwisha muda mara mbili kikiwa ndani ya jalada lenu. Kila kikiisha naambiwa: "Ombi lako lingeshughulikiwa, ila kibali kimepitwa na muda."

Nisiwe mwizi wa fadhila, kuna waliojitahidi. Karani mmoja wa masjala alinitafutia jalada saa nzima chini ya meza. Alilikuta.

Sasa niseme yaliyonipata mimi, ingawa si adabu kujililia. Ufadhili wangu ulikuwa wa miaka mitatu na umekwisha miezi miwili iliyopita. Antibodi za kupimia vipokezi, nilizoagiza mapema nikiamini ile mimbari, zimefikia tarehe ya mwisho zikiwa kwenye friji, vichupa bado vina lakiri. Msimamizi wangu amestaafu, na mrithi wake amenishauri kwa nia njema nibadilishe mada, niandike mapitio ya tafiti za watu wengine. Wenzangu niliosoma nao wanaitwa madaktari wa falsafa, mimi naitwa "yule wa bloku". Nyumbani wameacha kuniuliza. Na hilo la kuacha kuniuliza, nakiri, ndilo linalouma.

Lakini hata hayo ningeyameza kama si yule mzee.

Kila mwezi huja kliniki ya shinikizo la damu, na akimaliza hupita maabara kunisalimu. Mke wake alikuwa miongoni mwa wagonjwa 186 waliosaini fomu ya ridhaa. Nilikuwepo aliposaini. Mkono ulikuwa umevimba tangu kwapani, kalamu ikawa inamponyoka, tukamwambia alama ya kidole inatosha, akakataa. Akasaini jina lote, herufi kwa herufi. Mwezi uliopita mzee akaniuliza: "Mwanangu, mama yenu alisema kile kinyama chake kisaidie wengine. Kimeshasaidia?"

Nikajisikia nikimjibu: "Suala hilo linafanyiwa kazi, baba."

Maneno ya ofisi yako, Mheshimiwa. Yametoka kinywani mwangu, tena kwa sauti ile ile ya sekretari wako. Alipoondoka nilikwenda kunawa uso.

Nimejaribu kukisia sababu, kwa kuwa sijawahi kupewa hata moja. Ni kukisia tu, unisahihishe.

Labda ni hofu ya sheria. Hofu hiyo naiheshimu. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, bila yeye kuombwa, zikazunguka maabara za dunia nzima, na ilikuwa mpaka 2023 ndipo familia yake ilipofikia mapatano na kampuni moja kubwa iliyofanya biashara nazo. Uingereza mwaka 1999 ilibainika kwamba hospitali ya Alder Hey ya Liverpool ilikuwa imebaki na viungo vya watoto bila wazazi kujua, na uchungu ule ndio uliozaa sheria yao ya tishu za binadamu ya 2004. Mkurugenzi anayeyajua hayo ana haki ya kusita kidogo. Ila hofu hiyo inajibiwa na fomu 186 zenye saini, zenye nembo ya hospitali yako mwenyewe juu kulia. Kwa zile bloku za zamani ambazo wenyewe hawapatikani tena, Kamati ilipima na kuridhia zitumike bila majina, na Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu, linaruhusu hivyo pale ridhaa isipowezekana kupatikana. Majina yatabaki hospitalini. Mimi nitapewa namba za siri, na daftari la kuoanisha namba na majina litafungiwa kabatini kwa mtu asiye mimi. Na niulize: mwenye hofu na haki za wagonjwa, ndiye anayewaweka kando ya tanuri?

Labda ni hofu kwamba sampuli zitasafirishwa nje. Hiyo nayo ina historia. Kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa mwaka 1964 kutokana na vinyama vya uvimbe vilivyorushwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London. Leo kinabeba majina ya watafiti wawili wa maabara ya London, na yule mtoto wa Uganda mwenye uvimbe hatajwi. Nimelisoma hilo na limenikera kama lilivyokukera wewe, kama limekukera. Ndiyo maana ombi langu linasema kazi yote ifanyike humu humu, kwenye chumba cha mwisho kushoto, na kilichobaki kwenye bloku kirudi stoo. Ukurasa wa pili, aya ya tatu. Nimeipigia mstari katika barua zote kumi na moja.

Labda kuna mtu anataka jina lake liwemo kwenye chapisho. Niliwahi kuulizwa kwa mzunguko, "Na sisi huku tutaonekana?" Mtaonekana. Wote mtaonekana, hata aliyeshika ufunguo nitamshukuru kwa jina.

Lakini nikiwa peke yangu usiku nadhani si yote hayo. Nadhani ni aibu. Nadhani mtu fulani alifungua daftari la patholojia, akakuta kurasa zisizo na umri wa mgonjwa, namba moja imepewa watu wawili, mwaka mmoja haupo kabisa, akaona heri pasiingie mgeni. Kama ni hivyo, Mheshimiwa, hiyo aibu tugawane. Daftari letu si la kwanza kuwa na mashimo na halitakuwa la mwisho. Mashimo nayo ni takwimu. Mtafiti huyahesabu, huyaandika na hujua mipaka ya alichokipata. Niko tayari kukaa na karani wako tukajaza kinachojazika kutoka kwenye mafaili, bila malipo, jioni baada ya kazi. Niliandika hivyo katika barua ya saba.

Inanibidi niseme sasa ninachotaka, na hapa najiona nimepungua. Katika barua ya kwanza niliomba bloku, majibu, taarifa za tiba, nafasi kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri kwa sampuli mpya, na fundi wa siku moja kwa wiki. Nilikuwa mgeni. Kufikia barua ya sita nilikuwa nimeacha friza na fundi, kukata ningekata mwenyewe. Ya tisa iliomba ruhusa ya kunakili daftari tu, nikiwa nimekaa humo humo, mlango wazi, mlinzi akiniangalia. Ya kumi na moja ilikuwa na sentensi moja: naomba jibu, hata kama ni hapana.

Leo sitaki hata jibu. Naomba yale maboksi kumi na manne yarudishwe ndani.

Yarudishwe tu, hata kama sitayagusa maisha yangu yote. Kama stoo ni ya viti, basi chumba changu kina ukuta mmoja mtupu, nimeupima kwa hatua, maboksi yanaenea. Chuo cha Wanapatholojia wa Marekani, ambacho vigezo vyake vimebandikwa ukutani kwenye ukumbi wako wa mikutano, kinataka bloku zitunzwe miaka 10 kwa uchache. Nimesoma namba za penseli kwenye lile boksi lililopasuka. Nyingi hazijafikisha. Baadhi ni za wagonjwa walio hai, wanaohudhuria kliniki hapa hapa, na saratani ikirudi daktari atataka kulinganisha na ile ya kwanza. Atatumwa mtu stoo, naye atakuta viti.

Jana jioni niliyafunika kwa turubai la kukopa na kuweka matofali juu yake. Sikuomba kibali, na kama ni kosa, niandikie, barua yako nitaipokea kwa furaha kwa sababu itakuwa ya kwanza. Lile boksi lililopasuka nimelifunga kwa gundi ya karatasi. Bloku zilizogandamana sijazitenganisha, zinahitaji kupozwa kwanza polepole, na friji ninayo, sasa hivi ina nafasi.

Nimeambiwa fundi wa tanuri anakuja Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

Wako mtiifu,
Mtafiti, Maabara ya Patholojia, chumba cha mwisho kushoto

Nakala: Masjala, kwa ajili ya muhuri.